Kamba ya Gari

Miaka ishirini na miwili Gesare aliendesha pikapu ya misheni pale Kehancha. Alipeleka wajawazito hospitali, masista sokoni, maharusi kanisani na maiti makaburini. Kila mtu alifika alikokwenda isipokuwa yeye, maana dereva hafiki mahali. Hugeuza gari akarudi.

Siku Pauline, mtoto wake wa pekee, alipopokea komunio ya kwanza, Gesare alikuwa Migori na mgonjwa. Siku mtoto alipomaliza shule, mama alikuwa njiani na saruji ya kanisa. Kila mara alisema, "Nitafika." Mtoto akala wali wa sherehe kwa jirani, akakua, akaolewa huko mbali Lodwar, na sauti yake kwenye simu ikawa ya adabu, kama mtu anayeongea na mwalimu wake wa zamani.

Sasa Pauline alikuwa amejifungua msichana, na ubatizo ulikuwa Jumapili. "Usijisumbue, mama," alisema. "Barabara ni ndefu. Tutakutumia picha."

Gesare aliiweka simu chini. Mume alikwisha kufa, misheni ilikwishampa kiinua mgongo na kuchukua ufunguo wake, na jioni nyumbani kwake husikii kitu ila kuku wakigombania mahali pa kulala. Picha alikuwa nazo za kutosha. Alhamisi asubuhi akavuka mpaka, akaenda Tarime kwa mzee Ryoba, mtu wa ukoo wa marehemu mumewe, aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Ryoba alikuwa na gari dogo jeupe, amezeeka macho, hawezi tena kuliendesha.

"Shemeji, wewe na gari?" Ryoba alicheka. "Utalifunga wapi, zizini?"

"Nilikuwa naendesha wewe ukiogopa baiskeli."

"Hata sasa naiogopa."

Walikunywa uji, Gesare akahesabu fedha za kiinua mgongo, wazee wawili wa jirani wakashuhudia, Ryoba akalitemea boneti mate ya baraka, na mauziano yakaisha. Karatasi hakuna aliyeitaja. Watu wa ukoo mmoja wataandikiana nini?

Mpakani, afisa, msichana mpole mwenye nywele fupi, aliinama dirishani. "Mama, kadi ya gari iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe."

"Si umesema mwenyewe ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini kadi inabaki kwake, kama kamba ya ng'ombe."

Kwao, mwenye kuuza ng'ombe huifungua kamba akabaki nayo, ili baraka ya mifugo isitoke bomani pamoja na mnyama. Gesare alikuwa amemwona Ryoba akiitia kadi kwenye mfuko wa nailoni na kuitundika ukutani, kwenye msumari wa kamba zake kuukuu. Aliona ni sawa kabisa. Hata alimheshimu kwa kukumbuka.

Yule afisa hakucheka. "Kamba mimi sitaki, mama. Nataka kadi, na mkataba wenye sahihi yake. Bila hivyo siwezi kukupa kibali."

Gesare akageuza gari, akarudi.

"Hapana," alisema Ryoba. "Niliwahi kutoa kamba mara moja. Mnunuzi alinisihi, nikampa. Mwaka huo zizi likaisha. Halafu watoto nao wakaanza kuondoka, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, mmoja hata sijui yuko wapi. Sasa unataka nitoe na hii?"

Gesare hakubishana. Mtu aliyeachwa hukazana na kile kilichobaki, na huwezi kumnyang'anya kwa maneno. Alilala kwa mke wa jirani. Ijumaa akaketi na Ryoba kutwa nzima wakibambua karanga, wazee wawili na ungo katikati. Siku ilikuwa inakwenda na yeye alikuwa anaihesabu, lakini hakuharakisha mkono.

Jumamosi kulipokucha alimwambia habari ya komunio, na ya saruji, na ya ubatizo wa kesho. Alieleza polepole, bila kujitetea.

Ryoba alisikiliza, kisha akatoka. Gesare alimkuta ndani ya gari akizungusha kirungu cha juu ya kijiti cha gia, kile cheusi kilicholainishwa na kiganja chake miaka mingi. Kikafunguka.

"Hiki kimenijua kuliko kadi," alisema. "Kitabaki hapa, kadi ichukue. Leta hiyo karatasi yako nitie sahihi."

Alipokwisha kuwasha gari, Gesare aliufungua mlango wa pili. "Twende wote, shemeji. Kiti kipo."

Ryoba alikiangalia kile kiti muda mrefu. "Nani atawafungulia mbuzi?"

Walikuwa mbuzi watatu. Gesare aliufunga mlango. Jibu kama hilo yeye mwenyewe alikuwa amelitoa maisha yake yote.

Safari hii afisa alimpa kibali. Kwenye njia panda ya Kehancha hakukata kwenda kwake. Kijiti cha gia kilikuwa chuma kitupu, kinachoma kiganja, akakifunga leso. Akapita Migori, akapita Rongo. Mahali pabovu alijisikia akisema, "Kuna shimo, shikilia," kama alivyowaambia wagonjwa, na kando yake hapakuwa na mtu wa kushikilia chochote.

Saa saba alisimama Homa Bay, juu ya ziwa, akapiga simu.

"Mama? Hiyo ni kelele ya nini?"

"Malori. Niko Homa Bay. Nakuja na gari langu."

"Gari lako? Uko na nani?"

"Peke yangu. Nikilala Kitale na kuondoka alfajiri, kesho nitafika."

"Ulisema hivyo hata siku ya komunio."

"Nilisema."

"Nilikaa nje kwenye ngazi na gauni jeupe mpaka wakafunga kanisa."

Hilo Gesare hakuwahi kulisikia. Kwa mbali, upande wa pili wa simu, mtoto alianza kulia, na Pauline akawa anambembeleza. Gesare alisikiliza, simu ameikaza sikioni, mpaka kilio kikapungua.

"Wanabatizwa watoto saba," Pauline alisema mwishowe. "Nitamwomba padri aanze na wale wengine."

"Mwombe, mwanangu."

"Lakini hatatungoja sana."

"Najua," alisema Gesare, na mkono ulikuwa tayari kwenye gia.