Mkate wa Kwanza Kutoka Tanurini

Mimi kunyamaza sijui, na kila anayenunua mkate dukani kwangu analijua hilo. Mkandaji wangu alikuwa binti wa dada yangu, ambaye kwangu ni mwana vilevile. Tulimwita Ulimi. Si kwa umbea, umbea ni idara yangu. Yeye alikuwa akionja kipande tu, anakwambia hamira ilikuwa ya zamani.

Sheria ya jikoni ni moja: anayekanda ndiye anayeonja. Mkate wa kwanza ukitoka tanurini anaumega, anakula, na akisema "sawa" ndipo trei zinakwenda kaunta.

Basi ugonjwa ukamwingia. Kuogopa chakula, jamani! Daktari aliuita anoreksia, akatueleza kwamba si maringo, ni ugonjwa hasa, na unaua. Masikio yangu yalisikia, mdomo wangu haukusikia. "Kula, mwanangu, utatuua kwa presha!" Dada alilia, shemeji akaahidi simu mpya. Mtoto alizidi kupukutika, kavaa masweta mbele ya tanuri, nami roho juu kila akiinua trei.

Kliniki ilikuwa imemtengea kitanda. Daktari alisema moyo umeanza kuchoka, tusichelewe, ila ingefaa sana aje kwa hiari yake. Nikamwambia twende. Akanijibu kwa upole ulionichoma, "Mama mdogo, kila mtu anataka nipone. Mimi ndiye sijui kama nataka. Nikipona nitabaki na nini?"

Nikachukua ufagio, nikafagia sakafu ambayo ilikuwa imeshafagiwa.

Wiki hiyohiyo mikate ilitoka asubuhi imeumuka vizuri kabisa. Alimega wa kwanza, akanipa mgongo kidogo, akasema "sawa." Tukauza. Haukupita muda, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akarudi na mkate ulioumwa pembeni.

"Mama, leo mmeoka sponji?"

Nikauma kipande. Loo! Hata punje ya chumvi hamna. Nikaingia jikoni na matusi yote niliyojaliwa yakiwa kooni. Nilimkuta amesimama, ametoa mfukoni mwa aproni kile kipande alichokimega asubuhi. Kilikuwa kizima.

Matusi yakarudi chini. Alikuwa na hasira, na sikuwa nimemwona na hasira tangu augue.

"Nimetoa mkate hauna chumvi," akasema. "Mimi! Umenichukulia hata ulimi wangu?" Nikaelewa hasemi na mimi, anasema na ugonjwa. Akakaa juu ya gunia la unga, akalia kwa sauti. Kisha akajifuta kwa kiganja chenye unga. "Nautaka ulimi wangu. Hilo nalijua nalitaka. Mpigie daktari."

Si machozi ya mama yake, si kelele zangu, si simu mpya. Mkate! Nilitaka hata kununa, nikaona niache ujinga, nikapiga simu.

Kliniki alikaa muda mrefu, na haikuwa lelemama. Kuna siku alifungasha begi atoroke. Kuna siku alinifukuza mimi, nikaondoka nikilia barabarani kama mtoto. Nilikuwa nimempelekea aproni yake, akaitundika mbele ya kitanda. Mshauri wake akaniambia kutaka kupona kunakuja na kuondoka. Siku kutaka huko kukiondoka, Ulimi anaitazama ile aproni, anakwenda kukaa mezani hivyohivyo, huku anaogopa.

Jana alikuja dukani kwa saa chache. Bado mwembamba, bado sahani inamtisha, na kliniki anaendelea kwenda. Mkate nilikuwa nimeukanda mimi, lakini kuonja nikamwachia yeye, sheria au si sheria. Akafunga aproni, akaumega wa kwanza. Akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna mpaka nikadhani tutafunga duka. Halafu akameza, na machozi yakamtoka.

"Mama mdogo," akasema, "chumvi umezidisha."

"Mimi? Nimezidisha mimi?" Katika maisha yangu sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile. Kifua kilinijaa, lakini mdomo ukafuata tabia yake. "Nimeoka kabla hujazaliwa! Una uhakika?"

Akaniangalia, akautazama mkate, akavuta pumzi. Kisha akamega kipande cha pili.