Mtihani wa Ukuta Mkavu

Jumanne ya mtihani wa vitendo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wanafunzi kumi na wanne wa darasa la ufundi bomba walijipanga mbele ya ukuta wao. Kila mmoja alikuwa na vipande vya bomba, msumeno wa chuma, spana na furushi dogo la katani ya kuzibia viungio. Chumba cha pili darasa la ushonaji lilikuwa likiendesha cherehani zote kwa mpigo, na ng'ambo ya ua maseremala walikuwa wakipiga randa na kuimba kwa sauti mbaya. Kwa ufupi, ilikuwa siku kama siku nyingine za shule ile, ila mtahini alikuwa amekuja na bahasha yake.

Ukuta wenyewe ulisimama peke yake katikati ya karakana. Haukugusa dari wala ukuta mwenzake, na mtu aliweza kuuzunguka kama anavyozunguka kabati. Mbele yake palikuwa na sinki kumi na nne za bati, moja kwa kila mwanafunzi. Nyuma yake bomba kuu lilishuka likaishia hewani, shibiri moja kutoka sakafuni, na mwalimu wa mabomba alikuwa ameliziba mdomo kwa kitambaa ili mijusi wasihamie. Maji hayakuwahi kupita humo. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na cheti ndani ya fremu, chenye mhuri wa ofisi ya maji, kilichosema kwamba shule iliunganishwa na huduma miaka tisa iliyopita. Kila muhula mwalimu mkuu aliandika barua kuuliza iliunganishwa wapi, na kila muhula alijibiwa kwa nakala ya kile kile cheti.

Kwa hiyo mafundi bomba walifundishwa pakavu. Hatua ya saba ya fomu ya mtihani ilisema: Fungulia maji, subiri dakika tano, kagua mivujo. Desturi ya darasa ilikuwa mwanafunzi azungushe koki, aseme kwa sauti, "Maji yamefunguliwa," mtahini atie tiki, na kila mtu ashike hamsini zake. Bomba kavu halivuji, basi shule ilisifika. Kwenye ubao wa mafanikio nje ya ofisi, somo la bomba lilikuwa na alama nzuri kuliko umeme, ambako taa ilikuwa lazima iwake, na kuliko ushonaji, ambako suruali ilikuwa lazima imwingie mtu.

Sinki ya sita ilikuwa ya msichana aliyeitwa Katani, kwa sababu nyuzi za katani hazikumtoka nyweleni mwaka mzima. Mama yake alikuwa mfua mashuka katika hospitali kubwa. Ghorofa ya tatu, wodi ya wazazi, ilikuwa na mabomba mazuri ya kung'aa yasiyotoa hata tone, na mama alipandisha maji kwa ndoo, mkono huu moja na mkono huu moja, ngazi sitini na mbili. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja, na mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo kuliko ya wenzake wa rika lake.

Hospitali ile ilimchukua mhitimu mmoja wa bomba kila mwaka, yule wa kwanza darasani, na huyo ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha tangi. Katani hakutaka kitu kingine duniani.

"Nikiupata ule ufunguo," alimwambia mama yake, "nitalifuata bomba kutoka kwenye tangi, chumba kwa chumba, mpaka nijue linafia wapi."

"Fuata masomo kwanza," mama alijibu, akimnyofoa nyuzi kichwani.

Jirani yake kwenye sinki ya tano alikuwa kijana waliyemwita Pasi, kwa kuwa hata ovaroli lake lilinyooshwa likawa na mstari ambao ungeweza kukatia mkate. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaazima watu spana bila kinyongo na aliwaamkia wapishi. Siku ile alifunga viungio vyake haraka, akazungusha koki, akasema, "Maji yamefunguliwa." Mtahini akatia tiki, akaandika mia kwa mia.

Ikafika zamu ya Katani. Alikuwa amekata bomba kwa kipimo, amechonga nyuzi kwenye ncha zake, amezungushia katani upande unaotakiwa, amekaza. Akazungusha koki. Akafungua mdomo aseme yale maneno, akaufunga. Alikuwa ameyasema mara mia wakati wa mazoezi na hayakumdhuru. Lakini asubuhi ile, kabla ya kuja shule, alipitia hospitali kumpelekea mama leso aliyoisahau, akamkuta kwenye ngazi ya arobaini, amekaa baina ya ndoo zake mbili akivuta pumzi.

"Haya, binti," mtahini alisema, kalamu hewani. "Sema maji yamefunguliwa."

"Bado hayajafika," Katani alisema. "Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Fomu imesema dakika tano."

Mtahini aliisoma fomu upya, akaona kweli imesema. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na mkewe alilalamika sana juu ya jambo hilo. Akavuta kigoda, akaketi, akatazama saa yake. Mwalimu wa mabomba alisogea dirishani akawapa kisogo. Aibu ilikuwa imemjaa, kwa sababu katika miaka yote tisa yeye mwenyewe hakuwahi kusubiri.

Dakika ya tatu kitambaa nyuma ya ukuta kililowa. Dakika ya nne koki ilikohoa mara mbili, ikatema vumbi na mjusi mdogo aliyeondoka zake, kisha ikatoa maji. Yalikuwa maji safi, ya baridi, yenye ladha ya chuma kipya. Nyuma ya ukuta bomba kuu lilikuwa bado limeishia hewani, shibiri moja kutoka sakafuni.

"Dakika nne na sekunde ishirini," mtahini alisema, akaandika.

Mwalimu wa mabomba alivua kofia. Aliweka mkono chini ya maji, akaugeuza, akaweka na wa pili, na machozi yalimtoka bila kujificha.

"Miaka tisa nimekuwa nikifundisha," alisema. "Asante, mwanangu. Leo ndiyo nimefundisha."

Kisha mtahini akainama kukagua. Kwenye kona ya bomba, kiungio cha pili kutoka juu, tone lilikuwa likijikusanya. Likaanguka. Baada ya sekunde tisa likaanguka jingine. Katani aliliona kabla yake. Papo hapo aliona na kosa liko wapi: katani ilikuwa chache, na alikaza kwa pupa. Hakuna aliyewahi kuona kosa lile pale karakanani, kwa sababu halionekani ila kwa maji.

"Niruhusu nikifungue nirudie. Dakika kumi tu."

"Ningependa," mtahini alisema, na ni kweli alipenda. "Lakini hatua ya nane ni kunawa mikono." Fomu ilikuwa na swali moja, kuna mvujo, ndiyo au hapana. Wenzake wote kumi na watatu, waliosema tu yale maneno kwenye koki kavu, waliandikiwa hapana. Yeye aliandikiwa ndiyo, akakatwa alama ishirini na tano, akawa wa mwisho. Mtahini alijaza chupa yake kwenye koki ya Katani, akanywa, akamshukuru kwa moyo wote, akaifunga bahasha kwa lakiri akaenda kuwahi basi.

Mchana ule ule Katani alikifungua kile kiungio akakifunga upya, na hakikuvuja tena. Siku iliyofuata mwalimu aliunganisha sinki ya tano na ya sita ili Pasi naye ajaribiwe kwa maji. Ya Pasi ilivuja pahali kumi na moja. Pasi alitota tangu kola mpaka kwenye soksi, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza darasa kumwona ana makunyanzi. Alicheka, akaomba afundishwe, naye Katani akamfundisha viungio viwili kabla kengele haijalia. Mwalimu aliandika barua kwa baraza la mitihani kueleza yaliyotokea. Baraza lilimshukuru kwa taarifa, likamjulisha kwamba kila mtahiniwa hupimwa katika hali aliyokuwa nayo siku ya mtihani.

Maji yaliendelea. Yalimjia mtu yeyote aliyezungusha koki ile na kutulia, na yule asiye na subira alipata upepo mtupu. Hayakutoka Jumapili wala wakati wa likizo. Wapishi waliokuwa wakienda kisimani na mapipa sasa walisubiri huku wakimenya viazi. Maseremala walitengeneza benchi la kusubiria, la mbao ngumu, lenye mgongo. Darasa la uchomeleaji likaunda vyuma vya kuegeshea ndoo, na washonaji, ambao hawakukubali kupitwa, walishona mito ya benchi kwa vitambaa vilivyobaki. Msichana wa darasa la upishi alinawa uso kila asubuhi na kusema, "Asante, Katani," hata Katani asipokuwepo. Wengine wakamwiga, mpaka ikawa ndiyo salamu ya pale.

Katani alishukuru pia, na hakuwa anajikaza kisabuni. Kila alipopita aligusa kiungio cha pili kutoka juu, kilikuwa kikavu, na raha ikamwingia. Usiku mmoja tu alilia kwa ajili ya ufunguo, kisha akalala fofofo.

Siku ya mahafali mama aliomba ruhusa kazini, akaja na gauni lake la sherehe. Mgeni rasmi alikuwa afisa wa ofisi ya maji. Alipelekwa karakanani, akazungusha koki, akaketi kwenye benchi kama alivyoelekezwa, na maji yalipokuja alinawa mikono huku akipigwa picha. Mwalimu mkuu alimzungusha nyuma ya ukuta, akamwonyesha bomba lilipoishia. Afisa alilitazama kwa makini.

"Maji yanatoka au hayatoki?" aliuliza.

"Yanatoka, mheshimiwa."

"Basi cheti chetu kilikuwa sahihi." Akampongeza kwa kuitunza huduma, akatoa kalamu, na pale pale akaifunga faili ya malalamiko ya shule.

Zawadi ya fundi bomba bora alipewa Pasi, pamoja na barua ya kazi ya hospitali. Aliipokea ameinamisha uso. Aliposhuka jukwaani alipita kwa Katani.

"Dada, hii ni yako," alinong'ona.

"Jina lililoandikwa ni lako," Katani alisema. "Nenda tu. Ukifika, anza kwenye tangi."

Mama hakusikia hotuba yoyote. Tangu alipoonyeshwa ile koki alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu pembeni, akiizungusha, akiyaacha maji yapite vidoleni, akiifunga, akisubiri tena. Katani alimkuta hapo watu walipokuwa wakitawanyika.

"Mama, nimeukosa ufunguo."

"Nimeambiwa." Mama alimvutia kando yake, akamnyofoa uzi mmoja nyweleni, wa mwisho wa mwaka. "Miaka kumi na moja mimi ndiye ninayewapelekea watu maji. Leo nimekaa kitako, nikaletewa. Na aliyeniletea nimemzaa mwenyewe. Unataka niseme nini zaidi?"

Wakakaa mpaka maseremala walipotaka kufunga milango.

Jumatatu Pasi aliripoti hospitalini na ovaroli lililonyooshwa. Alikabidhiwa ufunguo, akafungua chumba cha tangi, akakuta tangi, na kwenye tangi bomba la ghorofa ya kwanza na bomba la ghorofa ya pili. La tatu halikuwepo, wala alama ya kuwahi kuwepo. Kwenye daftari la mafundi, waliomtangulia wote walikuwa wameandika kwamba ghorofa ya tatu maji yamefunguliwa. Alishika kalamu muda mrefu. Msimamizi alikuwa mlangoni anasubiri daftari lake. Pasi akaandika walivyoandika wenzake, akatokea kwenye ngazi, na hapo ndipo alipokutana na mama yake Katani akipanda.

Jioni mama alimsimulia binti yake walivyokutana, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu.

"Kaniamkia vizuri," alisema. "Halafu kaniuliza, mama, maji ya huku juu hufunguliwa wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikampa ndoo moja."

Katani alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Akabeba?"

"Akabeba mpaka juu. Kijana ana adabu." Mama alilijaribu bega lake la kulia, akalizungusha polepole, kwa starehe ya mtu aliyepumzika. "Ukimwona mwalimu wenu, mwambie namshukuru sana. Leo kutwa nimepandisha moja moja, na fundi wake moja moja."