Mstari wa Saa Nne

Kila siku ya kazi, ikitimu saa nne asubuhi, Ziada alimimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa, akatia sukari kijiko kimoja, na kabla ya kukoroga akatazama kwanza faiawoli. Hicho kilikuwa kisanduku cha bluu ndani ya kabati la chuma nyuma ya kiti chake, katika ofisi ya Upimaji Mkondoa, kampuni ya kupima ardhi mjini Kilosa. Kazi yake ilikuwa kukagua kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wa kampuni, kama mlinzi wa getini. Prosesa yake, ubongo wa kisanduku, kwa kawaida ilifanya kazi kwa asilimia kumi na moja. Ziada akishaiona kumi na moja, alikoroga chai.

Jumatatu ile hakukoroga. Prosesa ilikuwa tisini na tisa.

Baada ya nusu saa Regina wa ofisi ya Mikumi alipiga simu.

"Shoga, huku tumekwama. Nimefungua ukurasa, tembo wakavuka barabara wakaenda zao, wakarudi, ukurasa bado unazunguka."

"Nipe dakika kumi."

"Kumi za saa au kumi za Kilosa?"

Ziada alifanya kama alivyofundishwa chuoni Morogoro. Alitafuta anayepakua filamu. Alitafuta virusi. Alimkuta karani mmoja akitazama tamthilia, akamwomba kwa sauti ndogo aache, na prosesa ikashuka kwa asilimia moja. Alizima kisanduku, akahesabu hadi thelathini, akakiwasha. Tisini na tisa. Ilipofika saa sita mchana prosesa ikashuka yenyewe hadi kumi na moja, na chai ilikuwa imeshapoa.

Jumanne ikawa vilevile, saa nne mpaka saa sita. Jumatano Ziada alifungua kumbukumbu za faiawoli akazisoma moja moja. Maombi yote yalitoka mahali pamoja: mnara wa mawasiliano unaounganisha ofisi za Kilosa na Mikumi, uliosimama katikati ya kambi ya zamani ya mkonge ya Lumbeza. Kila ombi lilijitambulisha kwa namba na kutaka jambo moja tu, kufunguliwa daftari la wakazi. Kila ombi lilikataliwa na sheria ya arobaini na saba ya kisanduku. Likishakataliwa, lilirudi nyuma, likangoja zamu, likaomba tena. Waombaji walikuwa mia tatu arobaini na mmoja. Pembeni ya sheria ile kisanduku kilikuwa kimeandika jina la aliyeitunga, na jina lilikuwa Ziada.

Hakuhitaji kutafuta namba hizo zilikuwa za nani. Alikulia Lumbeza. Watu waliletwa pale kwa malori kutoka Songea, Kigoma na Njombe kukata mkonge, na kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu yake mzaa mama, Ditram, alikuwa 212. Alfajiri walikwenda shambani, na saa nne walirudi, wakapanga mstari mbele ya mnyapara kutiwa alama kwenye kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini. Ziada alipokuwa mtoto shamba lilikuwa limeshakaribia kufa, lakini mstari wa saa nne ulikuwepo bado. Alikumbuka katani nyeupe iliyoanikwa kwenye nyaya, wao watoto wakipita katikati yake kama katika nyumba yenye kuta laini. Alikumbuka harufu yake mbichi, chungu kidogo, iliyoingia hadi kwenye mashuka. Alikumbuka viganja vya babu, na sindano ya bibi ikitafuta mwiba chini ya taa.

Kambi nayo ilikuwa na desturi yake. Mtu ambaye namba yake haikuonekana daftarini hakwenda nyumbani. Kuondoka kulikuwa sawa na kukiri kwamba hukufanya kazi. Alirudi nyuma ya mstari, akasogea pole pole mpaka mbele, akaitaja tena.

Mwaka jana kampuni ilipewa kazi ya kuandikisha wakazi wa Lumbeza ili wagawiwe viwanja. Nyumba nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa namba za wazee waliokwisha kufa. Bosi wake, mzee Evarist, alimwita Ziada, aliyekuwa na wiki ya tatu kazini. "Mwanangu, marehemu wanatujazia daftari bure. Wafute. Halafu ufunge mlango, watu wasiwatafutetafute." Ziada alitaka kusema kitu. Akasema, "Sawa, mzee." Alifuta mpaka saa kumi na dakika ishirini, 212 akiwa humo, kisha akafunga mlango kwa sheria ya arobaini na saba. Wajane walipokuja kuuliza, waliambiwa majina hayaonekani, na ardhi ya kambi ikapewa mwekezaji wa miwa. Bibi yake, Hildegarda, alipewa hadi mwisho wa mwezi huu awe ameondoka. Kila mara bibi alipomuuliza, Ziada alimjibu kwamba mfumo una shida.

Alhamisi alikwenda Lumbeza kwa pikipiki ya Nyanda, mlinzi wa ofisi, Msukuma aliyekuja Kilosa na ng'ombe wa baba yake na kubaki baada ya ng'ombe kuuzwa. Walifika saa nne na robo. Wafu walikuwa wamepanga mstari kuanzia mlango wa kibanda cha mnara hadi kwenye misingi ya kiwanda cha katani kilichobomolewa. Walivaa aproni za magunia, na kila mmoja alishika kipande chake kwa mkono wa kulia. Hawakusukumana.

"Shikamooni, wazee," alisema Nyanda.

"Marahaba," waliitikia.

Nyanda aliutazama mstari kwa macho ya mtu aliyewahi kuhesabu mifugo. "Wamenyooka," alisema. "Hawa hawahitaji hata mbwa."

Ditram alikuwa wa sitini hivi kutoka mbele. Aproni yake ilikuwa ileile aliyozikwa nayo, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Hao wa mjini hawakupi chakula?"

"Wananipa, babu. Kazi nyingi."

"Ditram!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma. "Mkeo kavaa viatu vya unyapara! Mwambie atusogeze basi!"

Mstari wote ulicheka. Ditram alicheka pia, halafu akainama karibu na mjukuu wake. "Tumesikia nyumba zinapimwa, tukaja kuitika. Tunataja namba, kile kisanduku kinasema hapana. Hakitukani, kinasema hapana tu. Wewe ndiwe unayelisoma daftari. Hebu nitazamie 212."

Ziada aliangalia kipande. Alama zote thelathini zilikuwepo.

"Mfumo una shida, babu," alisema.

"Aa. Basi utapona." Zamu yake ilipofika alitaja namba, akasikiliza, akashukuru, akaenda kusimama nyuma kabisa karibu na misingi ya kiwanda.

Siku hiyo hiyo mchana Ziada aliandika ripoti. Chanzo cha matumizi makubwa ya prosesa, aliandika, ni wafanyakazi marehemu mia tatu arobaini na mmoja wanaorudia kuomba daftari kila siku ya kazi. Akapendekeza warudishwe daftarini. Evarist aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Jumapili hawaji?"

"Hapana, mzee. Jumapili kambi ilikuwa inapumzika."

"Na wakikataliwa hawaleti fujo?"

"Hawaleti."

"Basi tatizo ni kisanduku, ni kidogo." Alirudisha ripoti. "Daftari limeshafungwa, Ziada. Mwekezaji ameshasaini. Niandikie barua Dar watuletee kikubwa. Au unalo jingine?"

Alikuwa nalo. Aliipokea ripoti yake. "Hapana, mzee," alisema.

Kisanduku kipya kilikuja kwa basi wiki iliyofuata, kimefungwa kwa blanketi. Kilikuwa na prosesa mbili. Ziada alihamishia sheria zote humo, pamoja na ya arobaini na saba. Saa nne wafu walipanga mstari kama kawaida, na prosesa ikasoma asilimia ishirini na tatu. Regina alipiga simu kusema ukurasa unafunguka hata kabla tembo hajainua mguu. Evarist alimpongeza Ziada mbele ya wote, na wote wakapiga makofi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kumsaidia bibi kufunga mizigo. Mwanne, mama yake Ziada, alikuwa amempatia chumba Mikumi, nyuma ya gereji, mahali ambapo malori ya miwa ya Kidodi hupita mchana kutwa. Hildegarda alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Kutoka pale aliuona mstari wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umempita mume wetu?"

"Nimempita. Yuko katikati."

"Nimempelekea uji, kakataa kutoka. Anaogopa kupoteza nafasi." Alitupa kijiwe. "Mimi Mikumi nitakwenda, sina neno. Nyumba ni matofali tu. Ila yeye akishajibiwa atarudi hapa, na hapa patakuwa miwa. Atanijuaje nilipo?"

Ziada alikunja chandarua. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, kisha akakikunjua, akakikunja tena. Huko nje mtu alitaja namba, akashukuru, akapita mbele ya mlango akienda nyuma.

"Nataka nikamwambie apumzike leo," alisema bibi. "Nimwambie wiki ijayo, au mwezi ujao? Wewe ndiye fundi. Mfumo utapona lini?"

Ziada aliweka chandarua juu ya sanduku, akaketi chini, magoti yakigusa ungo.

"Mfumo ni mzima, bibi," alisema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea, hata wawili watatu mstarini waligeuka. "Ulikuwa mzima siku zote. Namba ya babu niliifuta mimi, na za wale wote. Niliambiwa nifute, nikaogopa kusema hapana, nikafuta."