Valvu za Pampu ya Kambi

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, Kahindo, mwenye karakana ya pampu za maji mtaani Majengo, alikuwa akichagua kiwanda cha ng'ambo cha kutengeneza valvu za kambi ya wakimbizi, ambako kipindupindu kilikwisha kuua. Kimoja kilituma sampuli inayong'aa na kuahidi kuleta mzigo upesi. Cha pili kilitaka miezi miwili zaidi ya majaribio.

"Huyu wa kwanza chuma anakitoa wapi, mama?" aliuliza fundi Kamate.

"Nimemuuliza mara tatu, muzee. Kimya."

"Basi sampuli kung'aa isikudanganye: hata bwana harusi hunyoa ndevu siku ya posa!"

Kahindo alicheka. Mizinga ya vita ikanguruma upande wa mji wa Sake, naye, akijua wakimbizi wataongezeka kambini, akatia sahihi kwa kile cha haraka.

Mzigo ulipofika, Kamate aliigonga valvu moja kidogo. Ikapasuka kama chungu. Akagonga nyingine; nayo ikapasuka.

Msomaji, mfikishie habari hii kila aagizaye vyuma ng'ambo.