Mpira Uliogusa Mstari

Azarias Nshombo alikuwa na miaka ishirini na tisa, na duniani kulikuwa na wanaume mia tano themanini na sita waliomzidi kwa tenisi. Hakuwa akilisema hilo kwa uchungu. Orodha ilitoka kila Jumatatu kwenye mtandao, naye aliisoma kabla ya kupiga mswaki, kama wengine wanavyotazama hali ya hewa. Alizaliwa Uvira, akahamia Hull, Uingereza, pamoja na mama yake akiwa na miaka sita, akajifunza mchezo huo kwenye viwanja vya bure nyuma ya shule. Kwenye ratiba, jina lake liliandikwa pamoja na bendera ya Uingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha Hull. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake.

Kiangazi hicho alipanga wiki tatu za Marekani: Louisville, Columbus, Buffalo. Ni mashindano madogo, yale ambayo mchezaji hujiokotea mipira mwenyewe na watazamaji wengi ni ndugu wa wachezaji.

Louisville alifikia mtaa wa Beechmont, kwa mjomba wake Mugisho, ambaye alifanya kazi katika ghala la vifurushi na hakuwa amemwona tangu utotoni. Walipokuwa wakila, mjomba aliuliza lile swali ambalo kila mtu huliuliza.

"Donc, weye uko namba ngapi?"

"Mia tano makumi munane na saba, mjomba."

"Mu Angleterre, kule Uingereza?"

"Mu dunia."

Mjomba akaweka kijiko chini. "Mu dunia muzima? Bon. Basi uko mutu mukubwa."

Jumapili akamsimamisha kanisani, akamtaja kwa namba yake, na waumini wakapiga makofi. Jumanne watu kumi na watatu walikuja uwanjani na nguo zao za ibada. Walishangilia kila mpira, hata ule alioupiga wavuni, mpaka mwamuzi akawaomba wanyamaze. Azarias alifungwa kwa dakika hamsini na nane na Mmarekani mrefu aliyeanzisha mpira kana kwamba anapigilia msumari. Mjomba alimkumbatia akamwambia yule mwingine alikuwa na bahati tu. Azarias akashukuru. Alijua haikuwa bahati, lakini hakuona sababu ya kumfundisha mjomba wake tenisi siku hiyo.

Akapanda basi kwenda Columbus. Huko alilala kwa binti wa mjomba, Sandrine, aliyepanga kwenye majengo ya ghorofa mbili pale Whitehall na kuhudumia wazee majumbani mwao. Sandrine alimshusha uwanjani saa kumi na mbili asubuhi akielekea kazini. "Kurudi utajipanga," alimwambia. "Huku bila gari uko kama mutu bila miguu."

Namba yake haikumtosha kuingia moja kwa moja. Ilibidi apite kwenye mchujo. Katika mchujo wa mashindano yale hapakuwa na mwamuzi wa kukaa kwenye kiti. Kila mchezaji aliamua mipira ya upande wake mwenyewe, na mwamuzi mmoja alizunguka viwanja vinne kusikiliza malalamiko. Mchezo mzima ulitegemea neno la mtu.

Mechi ya mwisho ya mchujo alipangiwa Mkenya mmoja, Kiplagat, aliyekuja kusoma uhandisi katika chuo cha hapo na kuchezea timu ya chuo. Waandaaji walimpa nafasi kwa mwaliko. Alikuwa na mkono mzuri wa kulia na tabia ya kujisemesha.

"Kiplagat, wacha ujinga," alijiambia baada ya kukosa. Na baadaye, akijifuta jasho: "Mpigie kushoto. Huko yeye ni mteja, hawezi kitu."

Azarias alisikia yote. Hakuonyesha kwamba anaelewa. Kila Kiplagat alipopanga kumpigia kushoto, yeye alikuwa tayari amesogea kushoto. Kwa njia hiyo, na kwa uzoefu wa miaka kumi, alifika seti ya tatu akiongoza sita kwa tano, akibakiza pointi moja ashinde.

Walirushiana mpira mara kumi na kitu hivi. Kisha Kiplagat akaupiga wa kulia, wa kukata uwanja, mkali sana. Azarias hakuufikia. Aliuona ukishuka, akauona ukigusa ukingo wa nje wa mstari mweupe, na tayari mkono wake ulikuwa juu na mdomo wake umesema, "Auti!"

Kiplagat alibaki amesimama. "Hiyo? Aki, hiyo?"

Mpira uliogusa mstari ni halali, na Azarias alikuwa na nafasi ya kurekebisha. Sheria iliruhusu, angesema amekosea, pointi ingekuwa ya mwenzake, na mechi ingeendelea.

"Ilikuwa inje," akasema, kwa Kiswahili.

Mkenya alimkazia macho, labda kwa ule mpira, labda kwa lugha. Mwamuzi aliitwa kutoka kiwanja cha mbali, akasema hakuona, na uwanja wa saruji haukuwa na alama ya kuonyesha. Wakapeana mikono.

Saa moja baadaye Azarias alikuwa ameketi ukingoni mwa maegesho, anasubiri gari la kukodi ambalo simu ilisema litafika baada ya dakika arobaini. Gari dogo la kijivu likasimama mbele yake. Kiplagat akashusha kioo.

"Unaenda wapi?"

"Whitehall."

"Ingia."

Njiani Kiplagat alizungumza habari nyingine kabisa. Amemaliza masomo. Septemba anaanza kazi kwenye ofisi ya wahandisi wa madaraja. Mechi ya leo ilikuwa ya mwisho ya kucheza peke yake. Alitaka tu, kabla ya kuacha, aingie droo kuu, mashindano yenyewe baada ya mchujo, mara moja. "Si kitu," alisema. "By the way, Buffalo uko na partna?"

Azarias hakuwa na mwenzake wa kucheza naye mechi za wawili Buffalo. Alisema hapana, wakakubaliana wacheze pamoja. Akataka kusema na lingine, lakini gari lilikuwa limefika kwa Sandrine.

Katika droo kuu alishinda mechi moja, ya kwanza tangu Januari, akatolewa katika iliyofuata. Jumatatu orodha ilimpandisha hadi mia tano arobaini na mbili. Aliisoma, akapiga mswaki, na kwa mara ya kwanza hakumpigia mama yake simu kumweleza.

Wakaenda Buffalo kwa gari la Kiplagat, saa tano na nusu za barabara, wakapanga chumba Lackawanna, kando ya jiji, ng'ambo ya mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma na sasa pana mashine za upepo. Asubuhi ya mechi, wakifunga mikanda ya gari, Azarias akasema.

"Ule mpira wa Columbus uligusa mstari. Niliuona."

Kiplagat hakugeuka. "Najua uliuona. Nilikuwa nakuangalia macho."

"Ulijua, na ukanibeba?"

"Ulikuwa umekaa kwa jua. Hukuwa na gari." Akawasha injini. "Lakini mbona unaniambia leo? Tunacheza saa tano. Ungeniambia jana, ningekasirika usiku nikalala. Sasa nikasirike saa ngapi?"

"Nisamehe."

"Wacha kwanza."

Uwanjani Kiplagat alisema maneno ya lazima tu: wangu, wako, rudi nyuma. Alicheza kwa hasira, na hasira ilimfaa. Azarias, aliyezoea kujificha nyuma ya hesabu zake, alijikuta anakimbilia mipira ambayo kwa kawaida angeiacha ipite. Mara moja wapinzani waliulalamikia mpira wao uliodondoka nyuma ya Azarias. Mwamuzi, ambaye safari hii alikuwa kwenye kiti, alisema umetoka. Azarias ndiye aliyekuwa kwenye wavu ulipopita. Akainua raketi: hapana, ulimgusa yeye kabla ya kutoka, pointi ni ya wapinzani. Kiplagat akamtazama kidogo, akarudi mstarini.

Walishinda kwa tofauti ya pointi mbili. Kesho yake walifungwa vibaya na ndugu wawili kutoka Texas.

Wakaagana kwenye maegesho. Azarias alikuwa anaelekea uwanja wa ndege, Kiplagat anarudi Columbus kununua mashati ya kazini.

"Jana nilifurahi sana," Kiplagat alisema. "Nataka ujue hivyo. Na Columbus bado inaniuma. Hiyo pia ujue."

"Nimesikia."

"Itaisha. Sijui lini." Akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya wachezaji, kisha akaingia garini.

Azarias aliendelea kucheza mwaka mmoja na nusu zaidi, zaidi mechi za wawili, na wenzake walibadilika karibu kila wiki. Alipopangiwa viwanja visivyo na mwamuzi, aliamua mipira polepole, akichelewesha mkono, na mara mbili alishindwa kwa sababu hiyo. Makocha walimwambia amepoteza makali. Huenda walisema kweli.