Miche ya Verna

Verna Hedlund alitaka ua jeupe lenye ukingo wa zambarau, la aina mpya atakayoizalisha mwenyewe. Kiangazi alichavusha kwa mkono maua yake ya siku moja, yale yanayochanua asubuhi na kunyauka jioni, akavuna mbegu nyeusi zinazong'aa kama pilipili manga. Alizihifadhi kwenye friji. Januari, theluji ya Wisconsin ikiwa imeziba madirisha, akazipanda kwenye trei katika chumba cha chini ya nyumba na kuziwashia taa.

Zikaota. Miche ikasimama, myembamba kama majani ya vitunguu. Kisha ikaanza kulala mmoja mmoja, shina limeoza pale linapotokea udongoni.

Verna alilaumu udongo, akaubadilisha. Miche ikaendelea kuanguka. Akalaumu trei, akazisugua mpaka vidole vikachubuka. Ikaanguka tu.

Asubuhi moja aliteremka na kapu la nguo chafu, akamkuta mumewe, Orrin, ameinamia trei na birika mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Naimwagilia. Ilionekana ina kiu, maskini."

"Tangu lini?"

"Kila siku, ukiwa bado umelala. Nilitaka kukupunguzia kazi, mama."

"Orrin! Mimi pia naimwagilia! Umeiozesha yote!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nani alikutuma?"

Jioni mezani Verna alifungua mdomo kuomba viazi tu.

Miche michache iliyopona aliihamishia bustanini theluji ilipoyeyuka. Paa walikula mingine, baridi ikamaliza mingine. Kiangazi cha mwaka uliofuata mmoja ukatoa tumba la ua, na Verna akaamka alfajiri kulisubiri, kahawa ikipoa mkononi.

Likafunguka. Lilikuwa la rangi ya chungwa, rangi ileile ya maua yanayojiotea mitaroni kando ya barabara.

"Zuri hilo," alisema Orrin nyuma yake.

"Zuri? Lipo kila mtaro wa wilaya hii!"

"Basi mimi nimelipenda."

"Wewe hata supu iliyoungua unaipenda."

Verna alilitazama tena, akashusha pumzi kwa hasira. Kisha akaenda kwenye ua jeupe tupu, mojawapo ya maua yake ya zamani upande wa pili wa bustani, akachukua chavua, akaanza upya.

"Safari hii," alimwambia bila kugeuka, "ukigusa birika, utahamia gereji."