Majira ya Kwenda Tromso

Bi Adija alikuwa amekwisha kuamua: Desemba. Alijifunga kanga juu ya sweta, akamweleza bintiye Naima kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa. Kama Juni upepo wa Ufipa unakata masikio hapa Sumbawanga, huko Tromso anakoishi Azizi, kaskazini ya kaskazini karibu na ncha ya dunia, si watu wanaganda wakiwa wamesimama? Desemba ndiyo ya kusafiri, baridi imemaliza kazi yake.

"Mama, kule majira yamepinduka," Naima alisema, huku akipanga vipuri kwenye rafu za duka lao. "Juni ndiyo joto lao. Desemba jua halichomozi."

"Kwa mawingu?"

"Halichomozi kabisa, mama. Wiki kadhaa mfululizo."

Bi Adija akacheka, kisha kicheko kikamkwama. Alikumbuka Desemba iliyopita. Kila alipompigia mwanawe Azizi kwa video baada ya sala ya alasiri, dirisha nyuma yake lilikuwa jeusi tii, naye akamgombeza: mwanamume mzima anajifungia gizani mchana! Azizi hakujitetea. Uso ulizidi kusawijika, halafu akaacha kupokea simu. Alipoibuka Februari alisema kazi zilimbana, na mama akamwamini, maana uongo ule ulimpa usingizi.

Alasiri ile ya mwisho wa Agosti alimpigia, Naima akiwa begani pake.

"Shikamoo mama. Nimekupangia Juni ijayo," Azizi alisema upesi mno. "Jua halizami. Utapapenda."

"Marahaba. Na Desemba?"

"Hapana. Desemba hakuna cha kuona."

"Nakuja kukuona wewe."

Upepo ulitikisa bati la duka. Bi Adija aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Azizi, mwanangu, mwaka jana uliumwa?"

Uso ukatoka kwenye kioo cha simu, ukabaki ukuta mtupu.

"Sijui, mama. Siku moja nilijikuta nimesimama kwenye maji ya bahari, viatu nimeviacha nyumbani. Mpaka leo sikumbuki nilifuata nini."

Naima akaushika mkono wa mama yake.

"Basi nakuja Desemba," Bi Adija alisema. "Mwanzoni kabisa."

Alitarajia Azizi abishe. Walimsikia akivuta pumzi, kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo mama hakuwa ameisikia tangu mwanawe abalehe:

"Mama, Novemba haiwezekani?"